Besi Hutengenezwa Juu

Msikilizaji, kabla sijaingia kwenye muziki, itegee sikio hiyo redio yako. Kama ni redio ndogo ya mkononi, au unanipata kwa simu, basi sehemu ya chini kabisa ya sauti yangu haikufikii. Mwanamume mtu mzima anapozungumza, sauti yake hutetema mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, na spika ya simu, ile iliyojificha nyuma ya vitundu vya ukingoni, haina ubavu wa kusukuma hewa kwa mtetemo mzito namna hiyo. Lakini hunisikii kama mtoto. Unamsikia mtu mzima anaongea, tena pengine umeshakisia na umri wake.

Wenye rika langu mnazikumbuka simu za mezani. Waya ule ulipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na hezi 3,400 basi, hezi moja ikiwa ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Mjomba akipiga kutoka Tabora, besi yake ya kuzaliwa iliachwa stesheni, na bado kwa neno la kwanza tu ulimtambua kwa besi hiyohiyo. Siri iko kwenye haramoniki. Koo likitetema mara 100 kwa sekunde, pamoja na hiyo sauti ya msingi hutoka mitetemo mingine ya mara 200, 300, 400, 500 na kuendelea. Waya ulikata 100 na 200, ukaziacha zilizobaki zipite. Sikio na ubongo vikazipokea, vikaona zinapishana kwa mia mia, vikajua mwenyewe ni 100, kama mchungaji anavyoujua ukubwa wa ng'ombe kwa alama za kwato kwenye tope, ilhali ng'ombe mwenyewe keshavuka mto zamani.

Nimeanzia huko kwa sababu vijana wanaotengeneza muziki chumbani kwa laptopu wana kilio kimoja. Biti imepikwa usiku kucha, kwenye hedifoni besi inatikisa fuvu. Asubuhi inarushwa kwa rafiki kwa WhatsApp, rafiki anajibu: mbona haina besi? Kijana anarudi kwenye programu, anaipandisha besi, anarusha tena. Jibu ni lilelile, ila sasa na mwimbaji naye amezama. Anachokikosa hakiko chini anakokitafuta. Kiko juu, kwenye hizo haramoniki, na huko ndiko besi ya zama za simu inakotengenezwa.

Fizikia kidogo, haitaumiza. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Noti ya hezi 50, maeneo ambako besi nyingi za kielektroniki hukaa, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita saba. Hiyo ni Coaster nzima ya abiria, kuanzia taa za mbele mpaka bampa ya nyuma. Sabufa ya sebuleni inajitahidi. Spika ya simu hata ukiipigia magoti haitalitoa, na ukiilazimisha itakachokutolea ni mkwaruzo.

Sasa fungua programu. Wengi hapa kwetu wanatumia FL Studio, ile iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops na kubadilishwa jina mwaka 2003. Wengine wako kwenye Cubase, Ableton au Reaper, na hakuna haja ya kugombana, kanuni ni zilezile. Ukifungua sinthesaiza iliyomo ndani utaambiwa kwanza uchague wimbi. Kuna wimbi laini, lile linalochorwa kilima na bonde. Hilo halina haramoniki hata moja, ni msingi mtupu. Kwenye sabufa unalisikia tumboni, kwenye simu ni kimya. Kuna la mraba, lenye haramoniki za witiri tu, yaani mara tatu ya msingi, mara tano, mara saba, na sauti yake ina uwazi fulani ndani. Halafu kuna la msumeno, ambalo kweli lina meno ukilitazama kwenye skrini. Hilo lina haramoniki zote, kila moja ikipungua nguvu kadiri zinavyopanda: ya pili nusu ya msingi, ya tatu theluthi, ya nne robo.

Anayeanza hupenda wimbi laini kwa kuwa ndilo linaloitwa besi safi. Mimi humshauri aanze na msumeno, kwa sababu kupunguza ni rahisi kuliko kutafuta kisichokuwepo. Kupunguza hufanywa na filta, kitufe kinachokata sauti za juu na kuziacha za chini zipite. Filta aliyoibuni Mmarekani Robert Moog, ile iliyomo ndani ya Minimoog ya mwaka 1970, ndiyo iliyowafundisha watu wengi kwamba besi ya umeme inaweza kuwa nene kuliko gitaa. Chukua msumeno, shusha filta mpaka sauti ifungike, kisha iambie filta ifunguke kidogo kila noti inapoanza na kujifunga haraka. Utasikia noti inasema "wau" kwa ufupi sana. Hiyo "wau" ndiyo inayofika kwenye simu. Msingi unabaki kwa wenye sabufa.

Mashine inayonifurahisha kuliko zote katika habari hizi ni TB-303 ya kampuni ya Roland ya Japani. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, msanifu wake akiwa Tadao Kikumoto, na nia ilikuwa kumpa mpiga gitaa aliye peke yake nyumbani mpiga besi wa kwenye boksi. Haikufanana na gitaa la besi hata kwa mbali, na kuipangia noti kulikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1984 ikaacha kutengenezwa, nyingine zikaishia kuuzwa kwa bei ya mitumba. Huko Chicago, vijana watatu waliojiita Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, wakaipata moja. Waliiacha irudierudie noti zake huku wakizungusha vitufe vya filta wimbo ukiendelea, na kilichotoka, "Acid Tracks" ya mwaka 1987, kikazaa aina nzima ya muziki. Msikilize mtu anayeupenda muziki huo akijaribu kukuigizia kwa mdomo. Hataimba noti. Ataiga mlio wa filta ikifunguka na kujifunga, kwa sababu noti ya chini yenyewe haibadiliki sana na kila kinachosisimua kinatokea juu yake.

Detroit nako, mwaka 1988, Kevin Saunderson akitumia jina la Reese alitoa wimbo wenye besi ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake hilo. Kuitengeneza ni mawimbi mawili ya msumeno yaliyopishana kidogo: moja hezi 55, jingine 55 na nusu. Yanakutana, yanaachana, yanakutana tena kila baada ya sekunde mbili, na besi inakuwa kama inageukageuka mahali ilipo. London wakachukua filta wakaifanya ipande na kushuka yenyewe kwa mwendo wa mdundo. Sitakaa hapo, ingawa wapenzi wa aina hiyo ya besi wataninunia.

Tuje kwenye besi ambayo imeenea zaidi, ile ya 808. Roland, haohao, walitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980 na kuiacha mwaka 1983. Kiki yake, yaani dramu ya mguu, ilikuwa na kitufe cha kurefusha mlio. Ukiurefusha, ile "du" inakuwa "duuuum", na watu wakagundua kwamba duuuum ukiipandisha na kuishusha kwa noti unapata besi. Leo biti nyingi za rapu na za dril zimelala juu yake. Kuitengeneza nyumbani ni wimbi laini linaloanza juu kidogo na kuteremka haraka sana hadi kwenye noti yake, kisha linafifia polepole. Huko kuteremka ndiko kunakoleta ule mpigo wa mwanzo. Tatizo mmeshalishika: ni wimbi laini, halina haramoniki, simu haitoi kitu.

Dawa yake ni distosheni. Wimbi laini ukilibana vichwa, yaani ukakata vilele vyake, linaanza kukaribia umbo la mraba, na haramoniki za witiri zinazaliwa hapohapo. Hezi 50 inapata watoto wa 150, 250, 350 na kuendelea. Sauti ya chini inabaki palepale, lakini sasa ina kivuli huko juu ambacho simu inaweza kukionyesha. Kuna watu huiogopa distosheni wakidhani ni uchafu. Waende kwa Wachopi wa Msumbiji wakatazame timbila, marimba zao. Chini ya kila ubao kuna kibuyu, na kwenye kibuyu kuna tundu lililozibwa kwa utando mwembamba ulionatishwa kwa nta. Ubao ukipigwa, utando unavuma. Utando huo umewekwa kwa makusudi, na fundi anautengeneza kwa uangalifu uleule anaochongea ubao, kwa sababu bila mvumo huo noti za chini zingekufa kabla hazijafika kwa wachezaji. Plagini ya distosheni inafanya kazi ya utando huo.

Ukiwa na subira, gawa besi yako njia mbili. Nakala moja iache safi na uikate kila kilicho juu ya hezi 100 hivi. Ya pili ikate kilicho chini ya hapo, halafu ichafue unavyotaka: distosheni, chorus, mwangwi, hata uitanue kushoto na kulia. Ile safi ibaki katikati, isitanuliwe kabisa. Sehemu nyingi muziki unapochezwa, kushoto na kulia huchanganywa kuwa sauti moja, na besi iliyotanuliwa ovyo ikichanganywa hivyo hujifuta yenyewe.

Sasa amapiano, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2021 Diamond Platnumz alipotoa "Iyo" pamoja na Focalistic, Mapara A Jazz na Ntosh Gazi wa Afrika Kusini, mitaa ya Dar ilikuwa imeshaanza kuzoea ile besi ya mbao, log drum. Ndani yake unasikia vitu viwili kwa pamoja: mgongo wa gogo na tumbo la sabufa. Afrika Kusini jina linalotajwa sana katika kuileta kwenye amapiano ni la prodyuza MDU aka TRP, na chimbuko lake si mashine ya bei mbaya. Ni sinthesaiza ndogo ya DX10 inayokuja ndani ya FL Studio, ambayo wengi walikuwa nayo miaka yote hiyo kwenye kompyuta zao bila kuigusa.

DX10 haitumii filta kutafuta sauti. Inatumia njia aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, akichezea mtikiso wa sauti, ule ambao mwimbaji wa taarabu anautia mwishoni mwa mstari. Alichukua wimbi moja laini likatikisa jingine, akaongeza kasi ya mtikiso mpaka ukawa mkali kuliko sikio linavyoweza kuuhesabu. Mtikiso ukatoweka kama mtikiso, badala yake ikatokea sauti mpya yenye haramoniki tele. Yamaha walinunua haki ya njia hiyo na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7, ambacho kilienea dunia nzima.

Ukitaka kuipika log drum mwenyewe, chukua wimbi laini kwenye noti ya chini, ndilo litakalosikika. Chukua la pili lilitikise. Likitetema kwa mara kamili ya lile la kwanza, mara mbili au mara tatu, utapata sauti yenye mpangilio. Likiwa mara mbili na kipande, utasogea kuelekea kengele, bati na mbao. Kisha weka nguvu ya mtikiso ianze kubwa sana na ife upesi, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Noti inapoanza unasikia "ko!", gogo limegongwa, haramoniki zote zimemwagika. Mtikiso ukishakufa linabaki lile wimbi la kwanza peke yake, laini, linazama chini taratibu. Teremsha na noti yenyewe kidogo mwishoni, watu wa amapiano wanapenda iteleze. Ongeza distosheni ya kiasi.

Nadhani ndiyo maana log drum imevuka mipaka upesi kuliko besi nyingine. Ile "ko!" inapita kwenye simu, kwenye spika ya bajaji, kwenye televisheni ya kinyozi, na sikio likishaipata "ko!" linajazia tumbo lenyewe. Kwenye harusi yenye sabufa nne tumbo linakuja kweli.

Lakini usiichukue log drum ukaipachika kwenye singeli ukategemea muujiza. Piga hesabu. Amapiano hutembea kwa midundo 110 hadi 115 hivi kwa dakika. Kati ya mdundo na mdundo kuna zaidi ya nusu sekunde, na noti ya hezi 50 inapata nafasi ya kutetema kama mara 27. Inajaa, inatua, inateleza. Singeli ya Manzese na Tandale inakwenda midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye 300, mdundo mmoja ni sehemu ya tano ya sekunde, na noti yetu inatetema mara kumi, basi, mwenzake kafika. Besi ya singeli lazima iwe fupi, ikauke haraka, na iwe na kichwa kikali, vinginevyo noti zinapandiana na kinachobaki ni ngurumo. Mafundi wa singeli wanalijua hili kwa masikio bila kalamu. Wengine hata hawaweki besi nyingi. Wanaiacha ngoma ya chini ifanye kazi zote mbili.

Na kiki na besi vikikutana vitagombana, kwa sababu vyote vinataka hezi 50 au 60 hiyohiyo kwa wakati mmoja. Programu nyingi zina kifaa cha kuishusha besi kila kiki inapogonga na kuiachia mara moja. Kitumie, au panga noti za besi ziingie baada ya kiki. Njia ya pili ni ya kizamani na mimi naipenda zaidi. Wapiga besi wa bendi zetu za dansi waliijua.

Chumba sasa. Vyumba vingi vya kupanga mijini ni futi kumi kwa kumi, kwa hiyo ukuta na ukuta vimeachana mita tatu na kitu kidogo. Kwa umbali huo sauti inayorudi ukutani hukutana na inayokwenda kwa namna ambayo noti ya karibu hezi 56 inajaa sana kandokando ya kuta na kufifia katikati ya chumba. Hiyo ni karibu kabisa na noti ya A ya chini, ambayo ni hezi 55. Kwa kuwa chumba ni mraba, mambo yanatokea kwa urefu na kwa upana pia. Fundi amekaa katikati, mbele ya meza yake, haisikii A, anaiongeza. Nyumba ya pili wanaisikia vizuri sana, na mama mwenye nyumba atakuja kusema.

Trei za mayai ukutani hazisaidii. Nimeziona studio nyingi zimepambwa kwa trei mpaka dari. Zinaweza kupunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, na kwenye picha zinapendeza, lakini wimbi la mita saba halijui kama kuna trei. Hata godoro la inchi sita haliligusi. Ili kitu cha kunyonya sauti kilikamate sawasawa kinatakiwa kiwe kinene kwa robo ya wimbi, yaani zaidi ya mita moja na nusu. Badala ya kununua, fanya hivi: weka wimbi laini la hezi 55 liendelee bila kukatika, sauti ya wastani, kisha tembea polepole chumbani. Utasikia besi inakuja na kupotea kulingana na unaposimama. Sogeza meza mpaka mahali ambapo haijai wala haipotei. Fanya tena kwa hezi 45 na kwa hezi 65.

Wanaofanya kazi usiku kwa sauti ndogo, ili kuheshimu majirani, wana mtego wao pia. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kwanza. Usiku wa manane unaongeza besi, mchana ukifungulia sauti unakuta tope. Afadhali chukua wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri, uweke pembeni ndani ya programu kwa ukubwa uleule, uwe unarukaruka kati yake na wako.

Jambo la mwisho huamuliwa kabla hata ya kugusa kitufe, nalo ni ufunguo wa wimbo. Wimbo ulio kwenye E, besi yake ya chini itakuwa hezi 41, uzi mnene kabisa wa gitaa la besi. Sabufa nyingi za majumbani zinaanza kuchoka huko. Ukiupandisha hadi G unapata 49, na A ni 55, na mabadiliko hayo madogo yanaweza kuipa besi yako nguvu kuliko plagini yoyote utakayopakua. Ila muulize mwimbaji kwanza, koo ni lake. Akisema hawezi kupanda, mwache kwenye E yake, na zile noti zinazozama chini ya 45 zipandishe oktavu moja, hizo tu, uzisikilize kwa simu, ukiwa umeishika mkononi, siyo umeilaza mezani, maana meza nayo huongeza besi.